Tulichokisubiri Tumboni mwa Baba

Mtaalamu wa ultrasaundi alikuwa anaongea vizuri mpaka alipofika katikati ya tumbo. Alikuwa anamuuliza baba habari za mvua za kijijini kwetu Kikatiti, na kama maharage yamebeba, huku akisogeza kifaa chake juu ya ngozi iliyopakwa jeli. Kisha akanyamaza. Akakirudisha kifaa juu kidogo ya kitovu, akakigeuza, akakirudisha tena palepale. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika koti la baba. Ukimya wa aina ile niliujua, kwa sababu nilikuwa daktari wa wodini kabla sijaingia kwenye utafiti.

Baba alikuja mjini kwa ajili ya tezi dume tu. Alikuwa anaamka kila saa kwenda haja ndogo, na mama alishachoka kuamshwa naye.

"Daktari, hebu sogea uone," mtaalamu akaniambia.

Kwenye kioo niliona mshipa mkubwa wa damu, ule unaotoka kwenye moyo na kushuka tumboni. Ulikuwa umetuna upande mmoja, kama tyubu ya baiskeli inavyotuna pale mpira ulipochoka. Kila moyo ulipopiga, ukuta wake ulisukumwa nje, ukarudi.

"Mmeona nini?" baba akauliza, macho yakiwa darini.

"Kuna mshipa umetanuka kidogo, baba. Tutaongea nyumbani."

"Unaweza kupasuka?"

Sikutegemea aulize upesi hivyo. "Unaweza," nikasema.

Baba akanyoosha mkono apewe shati lake.

Kazi yangu mpaka leo ni kusoma tafiti za watu wengine. Niliacha wodi baada ya kuchoka kuona wagonjwa wawili wenye ugonjwa uleule, vitanda vyao vinafuatana, wanatibiwa tofauti kabisa kwa sababu tu kila mmoja aliangukia kwa daktari wake, na madaktari wote wawili wana uhakika. Nikaenda kujifunza namna ya kukusanya tafiti zote zilizofanywa juu ya swali moja, kuzichuja zile zenye kasoro, kisha kusema zilizobaki zinaonyesha nini. Ofisini kwetu Kimandolu tunaandaa miongozo ya matibabu, na siku nyingine nafundisha. Wanafunzi wangu wananijua kwa jambo moja: sitaki kusikia mtu anaamini nini, nataka kusikia ushahidi unasemaje.

Basi nikakaa kuusoma ushahidi juu ya baba yangu. Ulikuwa wazi kuliko nilivyozoea. Uvimbe ukiwa mdogo kama wake, kumpasua mgonjwa mapema hakumwongezei maisha kuliko kumpima mara kwa mara na kusubiri. Ukikua kufikia kiwango fulani, hapo ndipo faida ya upasuaji inapozidi hatari yake. Nilirudia kusoma nikitafuta nilipokosea, sikupaona. Kilichoninyima raha ni kitu kingine. Wale waliosubiri katika tafiti hizo waliishi kwenye nchi ambazo mshipa ukipasuka, gari la wagonjwa linakuja na daktari wa upasuaji yupo. Mzee anayeishi Kikatiti na ng'ombe wake hakuwamo.

Tulikaa nyumbani Jumapili baada ya ibada, baba, mama, mimi na kaka yangu. Kaka ni mkubwa kwangu, ana gereji mtaa wa Sakina mjini, na alikuja bado ana oili kwenye kucha. Mama alikuwa ameandaa loshoro, mahindi yake na maziwa ya mgando, lakini hakuna aliyegusa bakuli. Nikaeleza yote. Nikaeleza na lile la hospitali kuwa mbali.

"Kwa hiyo baba ana bomu tumboni," kaka akasema, "na wewe unasema tuliache."

"Nasema tulipime kila baada ya miezi. Kumpasua sasa kunaweza kumuua mapema kuliko uvimbe wenyewe."

"Unaweza, inaweza. Gari likiletwa kwangu na breki mbovu simwambii mwenyewe aendelee kuendesha tuone."

Baba alimwachia amalize. Kisha akanigeukia. "Mama," akaniita, kama alivyoniita tangu utoto, "ningekuwa mzee wa mtu mwingine, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia asubiri, baba."

"Basi nasubiri," akasema, akavuta bakuli lake.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Mama alianza kutembea nyuma ya baba. Akiinama kufunga kamba za viatu, mama anasimama mlangoni. Akikohoa, mama anaacha anachofanya. Alimkataza kubeba mikungu ya ndizi, na yeye alikuwa akisubiri mama aende sokoni ndipo abebe. Mimi nilikuwa nafundisha huku simu nimeiweka mezani, kioo kikiangalia juu. Ikiwaka jina la mama, nilitoka nje ya darasa kupokea, na mara nyingi alikuwa anauliza tu kama nitakuja Jumamosi.

Siku moja nimekaa na baba nje, mlima ukiwa wazi wote mpaka kileleni, akauchukua mkono wangu akauweka tumboni kwake. "Sikia," akasema. Alikuwa amekonda, na ule mshipa ulipiga chini ya kiganja changu, mzito, wa taratibu, kama kitu kinachosukuma kitoke. Nilitaka kuutoa mkono lakini alikuwa ameushikilia.

"Nikilala chali blanketi linacheza," akasema. "Mama yako hawezi kuangalia. Mimi nimeshauzoea."

Nikamuuliza kama anaumwa mgongo, maana ndiyo dalili ya mshipa kutaka kupasuka, akasema hapana.

Tulimpima, tukampima tena. Mwanzoni uvimbe haukukua, na kaka akaacha kunipigia simu za hasira. Baadaye ukaanza kukua. Kipimo cha mwisho kilionyesha umefika pale ambapo ushahidi unasema apasuliwe. Niliona hata nafuu. Kulikuwa na cha kufanya. Nikampeleka kwa daktari wa upasuaji, naye akakubali, ila ilibidi vifaa viagizwe na daktari mwenzake asafiri kutoka Dar. Tuliambiwa tutapigiwa simu.

Simu iliyokuja ilikuwa ya mama. Ilikuwa asubuhi, watu wanakwenda mashambani. Baba alikuwa anawafungua ng'ombe akawapeleke malishoni. Akashika kiuno, akakaa chini polepole kama mtu anayetaka kupumzika. Mama alipomfikia, jasho lilikuwa linamtoka na mikono yake ilikuwa ya baridi. Alisema tu kwamba mgongo unamkata. Nilipofika kutoka mjini alikuwa ameshafunikwa shuka.

Najua hayo yanaashiria nini. Lakini sikuona ndani, na hakuna aliyeona. Wazee wa ukoo hawakutaka mwili upasuliwe, mama naye aliomba wamwache apumzike. Inawezekana ulikuwa moyo. Kila nikijiambia hivyo, najua ningemrudisha mwanafunzi akae chini kwa jibu kama hilo.

Baada ya maziko, watu wakiwa bado uani, kaka alinifuata nyuma ya zizi.

"Utafiti wako unasemaje sasa?"

Jibu nilikuwa nalo. Kifo cha mtu mmoja hakibatilishi ushahidi uliotoka kwa watu wengi. Hata wangempasua mwanzoni angeweza kufia kwenye meza ya upasuaji. Ni kweli, na ningeweza kulisimamia mbele ya jopo lolote. Nilimtazama kaka macho yake mekundu, nikarudi uani kwa watu.

Sikuacha kazi. Kwenye mwongozo tuliokuja kuuandika baadaye nilisisitiza iwekwe aya kuhusu wagonjwa wanaoishi mbali na hospitali yenye upasuaji. Tulitafuta ushahidi juu yao kwa muda mrefu. Mwisho tukaandika kwamba haupo.

Lakini kuna jambo ambalo ushahidi wake upo. Ugonjwa ule unatembea kwenye familia, hasa kwa wanaume, na mtoto wa kiume wa mtu aliyekuwa nao anatakiwa apimwe. Kaka anavuta sigara kama baba alivyovuta ujanani. Nilikwenda Sakina kumwambia. Alinisikiliza huku akifuta spana kwa kitambaa.

"Wakinipima wakakuta kadogo, utaniambia nisubiri?"

"Ndiyo."

"Basi niache nisubiri bila kujua. Mimi ile miezi ya baba sikulala. Yeye alilala, mimi sikulala."

Nimerudi kwake mara kadhaa tangu hapo. Ananipa kiti, anaagiza chai, tunaongea habari za ng'ombe wa mama na nani atawachunga. Nikigusa habari ya kipimo anainuka, anaingia chini ya lori, na ninabaki naangalia miguu yake. Mama hupiga simu kila wiki kuuliza kama kaka ameshakwenda. Namwambia bado. Basi ananiuliza habari za kazi.