Vipandikizi Vilivyokataa Kutoa Mizizi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Nyansiongo, Bwana Mkaguzi wa Chai alinitupia jembe akasema, "Cheti weka mfukoni. Chimba." Nikachimba mpaka viganja vikachubuka. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, mashamba ya walowezi yakigawanywa, na sisi wasaidizi wa kilimo tulikwenda kila mahali kwa miguu. Magoti yangu yaliishia huko.

Nikahamishiwa Keumbu, halafu vilima vya Nyamira. Mbegu za chai zilikuwa zimeanza kuachwa. Tulifundisha vipandikizi, yaani jani moja na kipande kifupi cha shina, kinachomekwa kwenye mfuko wa udongo kitaluni. Chembe hai za pale shina lilipokatwa hufanya uvimbe mweupe, kisha baadhi yake hugeuka mizizi. Mjukuu wangu aliye chuo kikuu ananiambia hata mtoto tumboni huanza hivyo: chembe changa zinajizaa tu, mpaka zipate ishara kutoka kwa jirani zake, wewe baki ulivyo, wewe uwe mfupa, wewe damu. Haya. Sisi darubini hatukuwa nayo.

Mama Moraa, mjane, alikuwa na kitalu na shamba tupu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alishasema mbele ya wazee: mvua kubwa ikifika kabla hajapanda, ataingiza ng'ombe wake humo, na hawatatoka tena.

Miezi ikapita. Majani mabichi, mizizi hakuna. Tuling'oa kimoja tukakuta uvimbe mnene kama kidole gumba, chembe zimejizaa na kujizaa bila kuwa kitu chochote.

"Udongo ulitoa wapi, Mama Moraa?"

"Kwa boma ya zamani ya baba mkwe. Ule mweusi. Ndizi inafanya vizuri sana huko! Nilitaka kupatia chai kitu mzuri."

Lo! Majivu ya jikoni yalikuwa yamemwagwa pale tangu enzi za mababu. Migomba huyapenda. Chai hutaka udongo mchachu, na majivu huua uchachu huo. Ikiukosa, zile chembe hazipati amri ya kuwa mizizi.

Bwana Mkaguzi, yule yule wa Nyansiongo, alipokuja hakuinama hata kidogo. "Tupa vyote. Ataanza upya mwakani."

"Mwakani hatakuwa na shamba, Bwana."

"Hayo ni mambo ya familia. Mimi niko hapa kwa chai."

Alipoondoka tukakaa chini, mimi na yule mama, kila mtu na wembe wake. Tulikwangua uvimbe, kipandikizi baada ya kipandikizi, tukavichomeka upya katika udongo mwekundu wa chini kabisa, usiojua majivu. Mgongo uliniuma nikalaani siku niliyoajiriwa. Yeye alilia huku akikwangua. Vingi vilikufa. Vilivyobaki vikatoa mizizi.

Mvua ilipoanza, shemeji akaja na ng'ombe wake, akakuta miche imeshapandwa shambani kwa mistari. Hakuamini. Aling'oa mmoja akaukagua mizizi.

"Urudishe, shemeji," Mama Moraa akamwambia.

Majirani walikuwa wamesimama wanatazama. Mtu mzima akapiga magoti kwenye tope, akaurudisha, akashindilia udongo kwa mikono yake.

Nilistaafu bila sherehe. Vijana wakiniuliza kazi ile ilinipa nini, nawaonyesha mgongo. Nimechoka, sitawadanganya. Lakini Mama Moraa alipokufa, alizikwa katika shamba lake mwenyewe.