Mkono Ndani ya Mtungi wa Bwana Mganga

Kwetu hatuli kitu kilichokaa kwenye chupa ya kioo. Achari, jamu, hata asali, hapana! Anayeuliza sababu huambiwa kisa cha Halfani.

Enzi za Mjerumani, reli ilipofika Dodoma, Halfani, Mrangi wa Kondoa, alikuwa akifunga vidonda vya vibarua kambini.

Siku moja Bwana Mganga, daktari Mjerumani wa kambi, akamwita, akafunua mtungi wa kioo.

Mle mlikuwa na mkono wa mtu. Mkono mzima, na bega lake!

"Lo! Bwana, nini hiki?"

"Shule. Tazama."

Harufu ya spiriti ilijaa chumba. Ngozi ilishachunwa, kimebaki kipande kimoja chenye kovu la zamani, limepinda kama mundu. Mzungu akapitisha kibano kwenye mfereji kati ya nyama ya bega na nyama ya kifua. Humo ulilala mshipa, rangi ya nyama iliyochacha.

"Mishipa ya mkono ikinywea, huu utaupata wa kumtilia mgonjwa maji. Uko juujuu, chini ya mafuta. Ukichimba zaidi, unaua. Shika."

Akaushika. Uliteleza kama kamasi. Siku tatu ugali haukupita.

Wiki ya pili kuhara kukavamia kambi, Bwana Mganga yuko porini anawinda. Akaletwa Mwamvua, mjane wa kibarua Msafiri, aliyekufa kwa homa mwezi uliotangulia, akazikwa na askari bila ndugu kumwosha. Macho yametumbukia, kila anachonyweshwa kinarudi, mishipa yote imelala.

"Kaka Halfani, nina mtoto mchanga," alinong'ona.

Halfani akachana begani, palepale kwenye mfereji. Mafuta ya manjano, kisha mshipa. Akaingiza mrija, akamimina maji ya chumvi yaliyochemshwa.

Jioni Mwamvua akafumbua macho, akagusa bendeji, akatabasamu.

"Sasa nitafanana na marehemu. Na yeye alikuwa na kovu hapahapa. Jembe la moto lilimchoma kwa mhunzi, utotoni. Limepinda kama mundu."

Halfani akatoka nje, akachukua jembe.

Hakumwambia. Kesho yake mtungi ulikuwa mtupu, na kaburi la Msafiri lina udongo mbichi. Bwana Mganga aliporudi, Halfani alikula viboko ishirini na tano, asitaje kitu.

Yule mtoto mchanga ndiye babu yangu. Halfani alimweleza yote siku waliyomzika Mwamvua.

Basi ndugu zangu, mgonjwa wenu akipona, shukuruni. Ila ulizeni pia: huyu tabibu alijifunzia kwenye mwili wa nani, na nani alimruhusu?