Chai Iliyorudishwa Birikani

Jana Jumatano, saa nne kasorobo asubuhi, ndipo ilipoanzia. Mwanangu, nitaikumbuka saa hiyo mpaka uzee, kwa sababu ndipo mafundi walipofunga kioo cha mwisho juu ya ua wa nyumba tuliyokuwa tukiikarabati, na sauti ya mvua ikabadilika.

Najua hujazaliwa. Nina miaka kumi na sita, na nasaha ni kazi ya wazee. Lakini nimewaona wazee wakisahau. Kwa hiyo naandika mapema, kabla sijajifunza kuipamba habari hii.

Nyumba yenyewe iko karibu na bandari ya Durban, upande ambao malori hayalali. Ilijengwa na Wachina wa zamani. Kwa nje ni ukuta tu, haitazami barabara. Ukiingia, vyumba vinatazamana pande zote nne, na katikati kulikuwa na ua wa udongo ulio wazi juu, mvua ikinyesha inanyesha ndani ya nyumba na hakuna anayekasirika. Mjukuu wa mwenye nyumba alitaka kuigeuza nyumba ya chai ya kisasa: vigae chini, kioo juu, viti vyeupe, intaneti ya bure. Kazi akapewa babu yangu, fundi mkimbizi aliyetoka Uvira. Mimi, likizo yote hii, nimekuwa mdomo wake, maana Kiingereza cha Babu kinaishia kwenye "sharp" na "tomorrow, boss".

Mwenye nyumba alikuwa bado yumo. Mwembamba, mgongo umepinda, na Kizulu anakijua kuliko mimi. Wafanyakazi walimwita Gogo, yaani bibi, nasi tukafuata. Hata mjukuu wake alimwita bibi tu, kwa Kichina chao. Kila asubuhi alichemsha chai, akajaza vikombe vitatu vidogo, akavimwaga polepole kwenye udongo wa ua. Babu alinieleza kwamba anawanywesha watu wake waliokufa. Akaongeza, bila kunitazama, kwamba hata bibi yake yeye alikuwa akidondosha kasiksi, pombe ya ndizi, kidogo chini kabla hajanywa, na alikuwa amebatizwa.

Mama yangu hakutaka kuisikia habari hiyo. Mama ni wa kanisani kila jioni. Aliniapisha nisitie kinywani kitu chochote cha nyumba ile, kwamba ni chakula cha mizimu. Na mimi, mwanangu, ni mtoto wa kutii. Hilo linaonekana jema mpaka siku linapokuwa baya.

Gogo alikuwa ameomba jambo moja tu: katikati ya kile kioo aachiwe tundu, pana kama mkeka, watu wake wapate njia. Mimi ndiye niliyemtafsiria Babu. Mjukuu akajibu kwamba wateja watalowa. Tena jioni ya jana angempeleka kwenye nyumba ya wazee kule Umbilo, ili kumkinga na vumbi la ujenzi, alisema.  Babu akarudi kupima vioo vyake.

Basi kioo cha mwisho kikafungwa, na Gogo akatoka na birika. Akasimama katikati ya vigae vipya. Akatazama juu, mvua ikitiririka bila kumfikia. Akatazama chini, akitafuta udongo. Hakumwaga. Kikombe cha kwanza akakirudisha birikani, kisha cha pili. Cha tatu alikishika muda mrefu. Akaonja kidogo, halafu akanielekezea mimi, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Basi kunywa wewe," alisema. "Wao leo hawana pa kuingilia."

Nilisema hapana, asante. Nilisema kwa adabu, macho chini, kama nilivyofundishwa. Akatikisa kichwa kana kwamba jibu alilijua, akanywa peke yake, akaenda kufunga mizigo.

Babu alikuwa juu ya ngazi. Hakushuka mpaka wakati wa kula, ndipo alipoketi karibu nami juu ya mfuko wa saruji.

"Wewe Mukristo," aliniita, nikajua ananidhihaki. "Kwetu Uvira, mutu akikupatia kinywaji ukakataa, umemwambia nini?"

Nikainama kukung'uta saruji viatuni.

"Umemwambia, wewe ni mulozi, unataka kuniua na sumu. Ndiyo maana mwenye kukupatia anaonja kwanza. Ule mama ameonja, nimeona na macho yangu. Siye tulipotoka mu nyumba yetu, hakuna mutu alitupatia hata maji. Yeye anatoka mu yake, anakupatia chai. Na wewe unamwita mulozi."

Ningependa kukuambia kwamba nilimkimbilia. Nilikaa pale pale mpaka jioni, nikisikia masanduku yakiburutwa na gari likiondoka. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Chai ile haikumwagika hata, ndiyo maana inaniuma zaidi.

Leo asubuhi nilimwambia Mama naenda kunywa chai ya yule bibi. Alinuna, hakunizuia. Nikapanda taxi, nikashuka kwenye robot, taa za barabarani za Umbilo, nikafika geti la nyumba ya wazee. Mlinzi akauliza namtafuta nani. Nikasema, Gogo. Akacheka, si kwa ubaya.

"Sista, humu ndani wote ni gogo. Jina lake nani?"

Likizo nzima nimetafsiri kila neno lake, na jina sikuwa nalo. Nikasema ni Mchina. Akasema geti halifunguliwi kwa Mchina, linafunguliwa kwa jina. "Eish, pole." Nikampigia Babu simu.  Naye hakuwa nalo, na mjukuu hakupokea simu.

Mwanangu, mtu anayeondoka akikupa kikombe, pokea. Kama imani yako inakataa kumeza, gusisha mdomo. Mungu anajua kutofautisha. Na kabla hujamwita mtu bibi, muulize jina alilopewa na mama yake, maana heshima isiyojua jina huishia nje ya geti. Mungu akujalie mikono ya kupokea. Akujalie nyumba ambayo hakuna atakayeiziba ukiwa bado umo. Na siku utakapotoka, awepo mtu wa kunywa ulichomtilia.

Naandika haya nikiwa nimekaa ukingoni mwa barabara, mbele ya geti. Mlinzi ameniletea kiti. Nimekikubali.