Ripoti Zilizofungwa kwa Sababu ya Salamu

Mwenzangu wa ofisini alikuwa mtu wa Mji wa Kale, na hakuweza kumwandikia mtu chochote bila kumsalimu kwanza. Mimi niliyetoka bara alinifunza adabu hiyo kwa ukali. Nikimwendea asubuhi na swali la makontena, alinitazama tu mpaka nimuulize alivyoamka, hali ya watu wa nyumbani na ya mzee wake. Ndipo anijibu.

Huyo mzee wake ndiye aliyekuwa chanzo cha yote. Alikuwa amefundisha chuo cha Kurani maisha yake yote, na mkewe alipofariki alimtungia utenzi, akauandika kwa herufi za Kiarabu kama watu wa rika lake walivyoandika Kiswahili. Alitaka kuuona umepigwa chapa. Wapiga chapa tuliowauliza walikuwa na herufi za Kizungu tu, na hizo alizikataa katakata. Alisema hayo ni maandishi ya stakabadhi. Na macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari alishasema halipo la kufanya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwenzangu akapata programu ya kuandikia herufi hizo kwenye kompyuta. Haikuwa ya kuuzwa: ilitengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika nchi mbalimbali, na yeyote aliruhusiwa kuifungua ndani akairekebisha. Sisi hatukujua kurekebisha, tulijua kulalamika. Herufi za pa na cha, ambazo Waarabu hawana, zilikataa kushikana na jirani zake, na neno likatoka vipande vipande.

Kila alipoona kasoro aliwaandikia wenye mradi barua pepe kwa Kiingereza, tukaituma kwa laini ya simu ya ofisi pale Makupa, malori yakinguruma nje. Kila barua ilianza kwa mstari uleule, kwamba anatumai hawajambo wao na jamaa zao. Kasoro ilifuata chini. Walimzoea, na mmoja wao akawa anamjibu hata habari za mke wake mjamzito. Kasoro nazo zikawa zinatengenezwa, moja baada ya nyingine.

Kisha msimamizi wa mradi akatangaza kwamba ripoti zinahama. Barua zimekuwa vurugu, alisema, na hilo sikatai. Sasa kila kasoro ingekaa kwenye ukurasa wa mtandao, na kichwa chake na hali yake: iko wazi au imefungwa. Barua za zamani zilihamishwa na mashine, na mashine ikafanya mstari wa kwanza wa kila barua kuwa kichwa cha ripoti.

Mnajua kilichotokea. Msimamizi alipofungua ukurasa wake aliona ripoti za mtu mmoja, zote zina kichwa kimoja. Akadhani ni ripoti moja iliyotumwa mara nyingi kwa makosa. Akabakiza ya kwanza, iliyohusu pambizo za karatasi, nyingine zote, ya pa na cha ikiwemo, akazifunga bila kuzisoma.

Tulipoandika kulalamika, tulijibiwa na mashine kwamba anwani ile haipokei tena ripoti. Nilitukana mbele ya wateja. Mwenzangu hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. "Huenda niliwachosha," alisema.

Ilibidi aandike zote upya, kwenye ukurasa ule, kwa laini ya simu iliyokatika kila mara, na safari hii bila salamu. Niliona aibu usoni mwake alipokuwa akipiga chapa, kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila hodi. Ripoti zake zikawekwa mwisho wa foleni. Kuhusu pa na cha, waliandika kwamba jambo hilo linawagusa watu wachache.

Toleo jipya likatoka, nasi tukalipakua kwa matumaini. Herufi zilikuwa vilevile. Mwenzangu akachapisha ukurasa wa kwanza wa utenzi hivyo hivyo, na baada ya kazi akaniomba nifuatane naye nyumbani.

Mzee alikuwa barazani. Aliposikia sauti zetu alinyoosha mkono, lakini akaunyoosha pembeni yetu.

"Ndoo, mwanangu," akamwita asogee. "Umeileta?"

Mwanawe akamtia karatasi mkononi. Mzee akaisogeza karibu na uso, akaigeuza kuelekea mwangaza wa njiani. Alikuwa ameishika juu chini. Hatukujua kwamba macho yake yalikuwa yamefikia hapo.

"Zimeshikana?" akauliza.

"Zimeshikana, baba."

Mzee akageuza uso upande wangu.

"Huyu ni mwanangu, hataki kunivunja moyo. Wewe nambie. Zimeshikana kweli?"

Nilitazama vile vipande vya maneno mikononi mwake. Nilimchukia yule msimamizi kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

"Kweli, maalim," nikasema. "Zimeshikana zote."

Akamshukuru Mungu, akamtaja mkewe, na akaanza kulia.