Punda Mwenye Ukubwa wa Ukucha

Msomaji, nianze kwa kuomba radhi. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, na tahajia yangu hupotea njia nikiwa na haraka, kwa hiyo ninaandika polepole. Mwandiko nao ni mbaya. Mkono wangu umezoea brashi na herufi kubwa kama sahani, na nikipewa kalamu herufi zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Karatasi hizi zimenichukua majuma matatu. Ukikuta neno limekosewa, lisome kama lilivyotaka kuwa.

Kazi yangu ni kuchora mabango ya maduka hapa Kangundo. Mimi ni msichana wa maneno machache, na kazi hii inanifaa kwa sababu ukiwa juu ya ngazi umewapa watu mgongo. Wateja wetu wana desturi moja: bango lazima lionyeshe kila kitu. Mwenye bucha anataka ng'ombe, mbuzi, kisu, mizani na sahani ya nyama choma. Mwenye duka anataka mkate, maziwa, sabuni, kiberiti, na soda inayotoa povu. Ukisahau kiberiti, atakuuliza kama unadhani yeye hauzi viberiti. Kisha unaandika jina la duka, "Karibuni Wote," na nambari ya simu. Nimefanya hivyo miaka minne, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine.

Kaka yangu, mtoto wa mama yangu mdogo, amepanga chumba kule Mlolongo. Huko, kwa miaka miwili, alitengeneza mchezo wa simu. Kuna punda aliyebeba mitungi ya maji kutoka mtoni, na wewe unamwongoza apande matuta ya shamba mpaka nyumbani bila kumwaga, huku fisi wakimnyemelea. Mara ya kwanza aliponipa simu nicheze, nilisahau uji jikoni ukaungua. Yule punda alikuwa anapumua. Ubavu wake ulipanda na kushuka. Huyu kaka niliyemjua akilia kwa kuumwa na siafu alikuwa amemfanya punda apumue ndani ya kioo.

Lakini kwenye duka la michezo lililo ndani ya simu mtu hauoni mchezo. Anaona picha moja ndogo ya mraba katikati ya picha nyingine nyingi, na kidole chake kinapita. Picha ya kaka ilikuwa ni herufi zinazong'aa tu, na vidole vilipita. Alikuja nyumbani Jumapili moja, amekonda.

"Kule kwari, kwenye machimbo ya mawe, wananitaka niandike malori yanayotoka," alisema. "Ni kutoka alfajiri, siku sita. Nikiingia huko sitakuwa na nguvu ya kushughulikia mchezo. Wanataka niwajibu mwisho wa mwezi. Kama bado hakuna mtu anaufungua, nautoa dukani niache kujidanganya."

"Uutoe kabisa?"

"Kabisa. Sasa nichoree picha, siste. Wewe ndiye fundi wa rangi kwa hii familia."

Nilikuwa na ungo wa maharagwe, nikaendelea kuchagua hata yale yaliyokwisha kuchaguliwa.

Nilichora siku tatu, kwa rangi ya mafuta juu ya kipande cha plaiwudi. Niliweka mto, daraja, matuta, migomba, fisi wawili, mama anayesubiri mlangoni, punda mzima na mitungi yake yote. Juu niliandika jina la mchezo, chini nikaandika "Karibuni Wote." Niliona ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Kaka alipokuja tena aliipiga picha, akaipunguza, akaiweka kwenye simu yake katikati ya picha za michezo mingine.

"Hii nyeusi ni nini?"

"Fisi."

"Na hii?"

"Fisi mwingine."

"Nilidhani ni mashimo ya barabara. Na hapa chini umeandika nini?"

"Nambari ya simu."

"Ya nani?"

"Yako."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Siste, mtu wa Japani akitaka kucheza anipigie kwanza?"

Nilicheka pia, lakini macho yalikuwa yameanza kuniuma. Nilichukua simu nikaangalia. Picha yangu ilikuwa kama chai iliyomwagika kwenye mkeka. Zile nyingine zilikuwa na kitu kimoja kimoja tu. Uso uliofungua mdomo. Tunda moja. Mpira mmoja. Zilikuwa ndogo kama ukucha wangu, na bado kila moja ilinitazama. Nilishangaa sana. Mtu aliyechora ule uso yuko wapi, na alijuaje kwamba mdomo tu ungetosha?

Kaka alirudi Mlolongo bila kunilaumu, na mwezi ulikuwa umebaki na siku kumi na mbili.

Siku ya pili yake nilikuwa na kazi kwenye bucha. Sisi wachora mabango tuna mtindo wetu: ukimaliza, unavuka barabara ukaangalie kazi kutoka upande wa pili. Siku ile nilivuka, kisha sikusimama. Nilipanda mlima kwa njia ya shamba la kahawa, kwa sababu sikutaka mtu anione uso. Huko juu nikageuka. Niliona soko lote, na mabango yangu yote ya miaka minne, na sikuweza kutambua hata moja. Yalikuwa madoa. Mkate, sabuni, kiberiti, vyote vilikuwa vimekula wenzao.

Bango moja tu lilikuwa linanitazama. Ni la duka la dawa za mifugo, lilichorwa na mzee aliyenifundisha kazi. Lina kichwa cha mbuzi, jicho moja, na rangi ya manjano nyuma yake. Basi. Zamani niliona mzee alikuwa mvivu siku ile. Sasa nilisimama kati ya mibuni na mwili ukanisisimka, kwa maana nilielewa kwamba kitu kilicho mbali na kitu kilicho kidogo, kwa jicho, ni kitu kimoja. Miguu yangu ilikuwa inavuka barabara kila siku kwenda kulitafuta jambo hili, na mimi nilikuwa sijaiuliza inaenda wapi.

Nilishuka nikaenda kwa jirani anayefuga punda. Nilikaa naye asubuhi mbili. Punda ana uso mrefu wenye huzuni, lakini mtungi ukianza kuteleza mgongoni, sikio moja linalala nyuma na jicho linafuata mtungi. Ni nukta ndogo sana ya muda. Nikasema nitachora hiyo peke yake.

Nilichora kichwa, jicho, mtungi mmoja wa manjano ulioinama, na tone moja la maji ambalo limeshaachana na mtungi. Nyuma niliweka udongo wetu mwekundu, kwa kuwa picha nyingi kule dukani zilikuwa za buluu. Punda wa kahawia alizama kwenye udongo ule, kwa hiyo nilimfanya wa kijivu, karibu mweupe. Kisha nikamwomba mama, ambaye kwa Kikamba namwita mwaitu, anishikie plaiwudi kwenye ua, nikavuka bonde kwenda kuangalia.

"Mwaitu, inua kidogo!"

"Mkono umechoka. Huyu punda wako anabebwa, na mimi nabebwa na nani?"

Niliangalia mpaka nikaridhika, kisha tukabadilishana: mimi nikashika, yeye akaenda ng'ambo. Mama hajui chochote kuhusu maduka ya simu. Alisimama kule, mkono juu ya macho. Halafu akaita, kwa sauti ile anayotumia mtoto akichezea kikombe, "Sasa wewe, mbona hushiki hiyo maji?"

Plaiwudi iliniponyoka ikanigonga goti. Mama yangu, kutoka ng'ambo ya bonde, alikuwa anataka kudaka tone la rangi.

Kaka aliipokea akaitazama hivi na vile. "Jina la mchezo?"

"Duka lenyewe linaandika chini ya picha."

"Na fisi?"

"Wako huko ndani. Wachezaji watawakuta."

"Kumbe unajua kuongea," alisema, akaipiga picha na kuiweka dukani siku hiyohiyo.

Zilibaki siku nne. Ya kwanza hakusema kitu. Ya pili alinipigia simu akasema watu wanaufungua, kisha akarudia maneno hayohayo kama mtu anayejihakikishia kwamba mlango umefungwa. Ya tatu mchezaji mmoja aliacha maoni kwa maandishi ambayo hatukuyajua hata mkunjo mmoja. Simu ilitutafsiria: "Bibi yangu pia alibeba maji na punda. Nimefika nyumbani na mtungi mmoja tu." Siku ya nne kaka alienda kwari mwenyewe, akawaambia watafute mwandishi mwingine wa malori. Mchezo upo hadi leo.

Lakini kilichonitia ganzi nilikiona baadaye, kwa macho yangu. Nilikuwa kwenye foleni ya kusaga mahindi. Mbele yangu alikaa mwanamke nisiyemjua, amefunga mtoto mgongoni, anatelezesha picha za michezo kwenye simu kwa kidole gumba. Zikapita, zikapita. Punda wangu akatokea, mdogo kama ukucha. Kidole kikasimama. Kilikaa hewani, labda muda wa kupumua mara moja, na kinu kikinguruma. Kisha kikashuka juu ya punda.

Nilitaka kumgusa bega nimuulize, "Umeona nini kwanza? Ni jicho, au ni maji?" Sikuweza. Zamu yangu ilifika, nikasaga, nikaenda zangu nikiwa nimejaa unga na mshangao.

Mimi siwezi kumuuliza mtu ana kwa ana. Lakini kwa karatasi ninaweza. Wewe uliyenisoma, kama kuna picha ndogo iliwahi kusimamisha kidole chako, niandikie kupitia mahali hapa uliponisomea, uniambie ilikuwa ya nini na jicho lako lilianzia wapi. Mistari miwili inatosha. Nina plaiwudi nyingine mbele yangu, bado nyeupe, na sitaigusa mpaka nisikie kutoka kwako.