Bunduki ya Mpishi Telesphor

Salvatori anaishi Nsemulwa, hapa Mpanda mjini, nyumba ya tatu kutoka kwenye banda langu la kutengenezea baiskeli. Mtaani anajulikana kwa mambo mawili: hajawahi kukubali kwamba amekosea, na ana bunduki ya upepo ambayo haijapiga kitu tangu mimi nikiwa mtoto. Springi yake ilikatika zamani. Siku hizi mkewe, Katarina, anaitumia kufukuzia kuku wanaoingia sebuleni, na kuku wanaiheshimu sana.

Ni bunduki fupi, ya kukunja mtutu chini ili kuijaza upepo. Kitako ni cha mti mgumu, na chuma chote kimepakwa rangi ya kijani. Ni rangi ya bati. Salvatori aliipaka mwenyewe mwaka aliopaua nyumba, kwa sababu rangi ilibaki, naye hatupi kitu.

Ilikuwa ya baba yake, mzee Telesphor, Mpimbwe wa kijiji kimoja jirani na Usevya. Telesphor alikuwa mpishi. Kwanza alimpikia Mzungu mmoja wa mgodi wa Mpanda, enzi mgodi unafanya kazi, halafu akarudi nyumbani kuwapikia mapadre. Mapadre nao walikuwa na bunduki ya upepo, ya kufukuzia ndege kwenye mpunga. Walipoondoka, bunduki yao haikuonekana. Ya mpishi ikaonekana. Kijijini hakuna aliyemwita mwizi. Walikuwa wanasema tu, "Bunduki ya Padre iko kwa mpishi," wanacheka, na mzee akafa wakiwa bado wanacheka.

Salvatori anasema yule Mzungu wa mgodini ndiye aliyempa baba yake siku ya kuagana, kwa sababu ya mikate mizuri. Amenisimulia mara nyingi mpaka harufu ya mikate hiyo naijua.

Mwaka huu kigango cha kwao kiliandaa jubilei, na kamati ikaamua kuweka meza ya vitu vya kale. Barua ikaja mpaka Nsemulwa, ikimwomba Salvatori "airudishe bunduki ya misheni" ili iwekwe mezani. Alinisomea mara mbili pale bandani.

"Airudishe," akasema. "Mtu anarudisha alichochukua. Wamemwandika baba yangu mwizi, tena wakapiga muhuri."

"Si ukatae tu kuipeleka," nikamwambia.

"Nikikataa, watasema mwizi amemzaa mwizi."

Barua ilikuwa na jambo jingine. Kwenye daftari la zamani la misheni, palipoorodheshwa vitu vya nyumba ya mapadre, paliandikwa mstari mmoja: bunduki ya upepo, moja, ya Uingereza. Hapo ndipo Salvatori aliposhikilia. Kama yake imetengenezwa Uingereza, baba yake hana mtetezi tena. Kama imetengenezwa kwingine, kamati ikatafute bunduki yao panapohusika. Jubilei ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Tukaenda kwa Aline. Ni mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, mzaliwa wa Mishamo, na kwenye mambo ya mtandao hakuna anayemfikia hapa kwetu. Aliigeuza bunduki juu ya kaunta.

"Mzee wangu, hii ni rangi ya nyumba?"

"Ya bati."

"Nani aliipaka?"

"Ilikuwa na kutu," akajibu Salvatori.

"Sasa haina kutu wala haina jina."

Akapiga picha, akazituma kwenye kundi la watu wa nchi za nje wanaokusanya bunduki za zamani. Siku ya pili majibu yakaja, Aline akatusomea kwa Kiswahili. Wengi walisema inafanana na bunduki za Uingereza. Mmoja akasema umbo halithibitishi kitu, maana mafundi wa enzi hizo walikuwa wanaigana. Muondoe rangi, akasema, mtafute alama juu ya chuma, nyuma ya mtutu.

Maneno ya yule mmoja Salvatori hakuyasikia. Alisikia Uingereza, akaondoka bila kuaga. Siku tatu hakukanyaga bandani kwangu, na mtu huyu huwa anakuja hata kuniambia kwamba leo hana muda wa kuja.

Siku ya nne akaja Katarina, bunduki kwapani.

"Shemeji, mtolee hii rangi. Tangu juzi ananiuliza kama baba mkwe alikuwa na mkono mrefu. Mimi nitajuaje? Niliolewa mzee ameshazikwa."

Nilianza kusugua kwa petroli na matambara. Nilipofika nusu, Salvatori mwenyewe akatokea, akakaa kwenye benchi kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Chini ya rangi kulikuwa na kutu, na chini ya kutu ikatokea alama: duara, ndani yake mistari miwili iliyopishana. Chini ya duara kulikuwa na mikwaruzo iliyolika sana. Huenda ilikuwa herufi.

"Hapo pameandikwa Ujerumani," akasema Salvatori.

"Miwani yako iko nyumbani," mkewe akamwambia.

Wakati huo Malale alikuwa amesimama nyuma yetu akisubiri kuzibiwa pancha. Malale ni Msukuma, mtu wa kununua na kuuza ng'ombe mnadani. Yeye na Salvatori wanataniana mpaka mgeni anaweza kuwaitia mjumbe. Akainama kuangalia.

"Ngoja," akasema. "Hii ni chapa ya ng'ombe wa babu Masunga."

"Toka hapa."

"Nakwambia kweli. Duara na mistari miwili, paja la kulia. Mzee Salva, una ng'ombe wetu."

"Malale, hii ni bunduki."

"Naona amekonda. Mlikuwa mnamlisha nini?"

Katarina akaziba mdomo kwa kanga. Salvatori akanigeukia mimi, kana kwamba nimemleta mimi.

"Juzi ya Padre, leo ya babu yake. Baba yangu aliiba kwa watu wangapi?"

"Hapana, mimi sina neno na mzee," akasema Malale. "Kwetu ng'ombe akipotea, aliyemtunza anapewa ndama. Wewe nitakupa manati."

Lakini hakuwa anatania tu. Nilimwona macho. Babu yake alihama na mifugo kutoka usukumani, wengine wakapotelea njiani, na hadithi ya wale waliopotea Malale amekua nayo. Alichuchumaa, akaipitishia kidole ile alama polepole, kisha akasema chapa ya zamani haisomwi kwa macho makavu. Mnadani watu wakibishania ng'ombe mzee, wanalowesha pale penye chapa, wanapaka majivu, halafu wanafuta mara moja kwa kiganja. Majivu yanabaki kwenye kovu.

"Mama Lucia, niletee majivu," akamwambia Katarina.

"Hutapaka majivu bunduki ya baba yangu," Salvatori akasema.

"Wewe umeipaka rangi ya bati," Katarina akamjibu, tayari ananyanyuka. "Majivu yataiharibu nini?"

Akaleta majivu ya mkaa kwenye kifuniko cha sufuria. Malale akayachekecha kwa vidole, akalowesha chuma, akapaka, akasubiri kidogo, akafuta. Alifuta mara moja tu, kama alivyosema.

Herufi zikakaa pale, nyeupe juu ya chuma cheusi. Juu WENDT, chini SUHL. Ile mistari miwili ndani ya duara ilikuwa nyundo mbili, na vichwa vyake sasa vilionekana.

Malale akajipangusa majivu kiganjani.

"Babu hakujua kuandika," akasema, akarudi kwenye baiskeli yake.

Nilimwonea huruma. Salvatori hakuwa na nafasi ya huruma, alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kwenda kwa Aline, na bunduki begani mchana kweupe, watu wanampisha.

Jibu lilikuja jioni ileile. Suhl ni mji wa Ujerumani, wa mafundi bunduki tangu zamani. Huyo Wendt alikuwa na karakana ndogo, akafunga kabla ya vita ya pili, na bunduki zake hazikubaki nyingi. Mtu mmoja akauliza kama inauzwa. Salvatori akamwambia Aline amjibu kwamba mwenye bunduki alishafariki.

Tangu siku hiyo mpaka jubilei, Salvatori alitunga hotuba. Aliifanyia mazoezi bandani kwangu, mteja awepo asiwepo. Ilianza na mgodi, ikapita kwenye mikate, ikafika kwenye muhuri wa kamati, na hapo alikuwa anainua kidole na kunyamaza ili watu waone aibu. Alitaka mimi nionyeshe kuona aibu, apime. Nilijitahidi.

Siku yenyewe tulikwenda wanne. Bunduki ilifungwa kwenye kitenge kipya cha Katarina. Malale naye alikuja, akisema hawezi kuacha mali ya babu iende ugenini peke yake.

Meza ilikuwa chini ya turubai, pembeni ya watu waliokuwa wanakula pilau. Mwenyekiti wa kamati, mzee Josephat, alikuwa pale na lile daftari. Salvatori akafungua kitenge, akaweka bunduki, akaweka na karatasi aliyochapa Aline. Alikuwa anavuta pumzi.

Josephat akavaa miwani. Akasoma herufi, ambazo bado zilikuwa na majivu, akasoma karatasi, akafungua daftari, akarudi tena kwenye herufi. Waliokuwa karibu wakaacha kutafuna.

"Ya misheni ni ya Uingereza," akasema mwishowe. "Hii siyo." Akavua miwani. "Salvatori, mimi baba yako alikuwa ananipa mkate mlango wa jikoni nikiwa mdogo. Nikishakula, nakwenda kucheka na wenzangu. Tumemkosea mzee. Nitalisema hili kanisani, mbele ya watu wote."

Salvatori akafungua mdomo. Ile hotuba naijua yote, nikamsubiri aanze na mgodi. Kidole kiliinuka kidogo, kikashuka. Akaangalia bunduki ya baba yake, akaangalia mkono wa Josephat uliokuwa umelala juu yake.

"Usishike mtutu, kaka," akasema. "Una mafuta ya pilau."

Akachukua kitenge, akaanza kupafuta. Aliendelea kufuta, amewapa watu mgongo, hata baada ya mafuta kwisha.