Makaroni ya Osnel na Jibu la Madam Lubin

Hana oveni. Hana jokofu. Saa hana, ya ukutani wala ya mkononi. Cheti cha upishi hana, wala cheti kingine chochote. Mke hana tena. Paa la jiko lake ni mabati manne yenye matundu ya misumari ya nyumba nyingine, na mvua ikinyesha anajua matundu yote yalipo.

Alicho nacho Osnel Dorsainvil ni sufuria nzito ya alumini, pana mdomo. Jumapili hii, kengele ya misa ya kwanza ikilia huko chini mjini Jeremi, sufuria hiyo ina moto chini na moto juu.

Makaroni aliyachemsha mapema, akayaacha na ugumu kidogo. Sasa yamelala humo pamoja na maziwa ya kopo, siagi, jibini ya kukwaruza, vitunguu, pilipili hoho, vipande vya nyama ya nguruwe na viungo vya kijani alivyotwanga kwenye kinu. Juu ya mfuniko amepalia makaa. Amechuchumaa, mtu wa miaka hamsini na tisa, koleo mkononi, anahamisha kaa moja kutoka kushoto kwenda kulia kana kwamba anahamisha yai.

Pembeni kuna jiko la pili lenye sufuria ndogo, mpya kabisa, nayo imepaliwa vilevile.

"Usifunue hiyo ndogo," anasema bila kugeuka.

"Kwani nimegusa?" anauliza Elvanise, jirani yake, muuza makaa.

"Macho yako yamegusa."

Elvanise ndiye aliyemsimamia mwana wa Osnel kwenye ubatizo, kwa hiyo wanaitana komè na kompè, kama wanavyoitana mzazi na msimamizi popote hapa kwetu. Uhusiano huo unampa haki ya kusema lolote, na haki hiyo haiachi ioze.

"Kompè, wanaume wenzio wako kanisani wanaomba. Wewe unanusa sufuria kama paka."

"Umeshaona paka wa jikoni aliyekonda?"

Kunusa ndiyo kazi yenyewe. Osnel hafunui mfuniko hata mara moja, kwa sababu makaa yakitikiswa majivu huingia, na mvuke ukitoka, juu hapawi tena pekundu. "Kwanza unanusa maziwa," anaeleza. "Halafu unanusa jibini. Halafu inakuja harufu kama ya karanga zikikaangwa. Hapo makaa ya juu unayatoa upesi. Ya chini unayaacha kidogo, kwa ajili ya ukoko."

Ukoko si jambo dogo. Kuna ndugu katika mtaa huu ambao hawajasalimiana tangu komunyo ya kwanza ya mwaka juzi kwa sababu ya ukoko wa pembeni.

Watu wenye oveni za gesi wapo mjini, na makaroni yao yanalika. Hata hivyo, misa ikiisha, bakuli zao hupanda mlima huu kuja kwa Osnel. Sahani moja anauza gudi, pesa ya hapa kwetu, mia mbili na hamsini. Bei hiyo ameishikilia kwa shida, kwani tangu barabara ya kwenda mji mkuu iwe ya hatari, jibini huja kwa boti, na kila anayeishika njiani huongeza chake.

Osnel hakuzaliwa mpishi. Alikuwa seremala, na milango mingi ya mtaa huu ni ya mkono wake. Kilipokuja kile kimbunga kikubwa, karakana yake iliondoka na randa, misumeno na mbao zote. Mpishi wa nyumba alikuwa mkewe, Clermise, ambaye makaroni yake yalikaa katikati ya meza kwenye ubatizo, komunyo na arusi za upande huu wote. Mwaka uliofuata Clermise alishikwa na homa akafariki. Alikuwa ameshapokea kazi ya kupikia komunyo ya kwanza ya mtoto wa fundi cherehani.

Baada ya sala ya siku ya tisa ya msiba, Osnel aliwasha makaa.

"Nilikuwa nimemtazama miaka yote ile," anasema. "Nilikuwa namshikia mfuniko tu. Lakini ukimtazama mtu unayempenda anafanya kazi, mikono yako nayo inasoma. Yale ya kwanza yaliungua upande mmoja. Wakala upande mwingine."

Wanaume wenzake walimbatiza jina la Madam Osnel.

"Nikaitika. Nikawauliza, Madam Osnel awapakulie ngapi? Wote waliagiza."

Kwa sufuria hiyo alimsomesha mwanawe wa pekee, Kervens, ambaye leo ni fundi wa umeme wa jua. Na ni kwa ajili ya Kervens kwamba ile sufuria ndogo iko motoni.

Kervens anampenda Islande, msichana anayesomea uuguzi mjini Okay. Islande amelelewa na bibi yake, Madam Lubin, kwenye nyumba ya roshani kule mji wa chini, nyumba ya watu ambao zamani walisafirisha kahawa kwa meli. Mwezi wa tisa Islande anamaliza masomo, na hospitali moja ya Okay inamtaka abaki. Alishamwambia Kervens waziwazi: barua ya posa ikija kabla ya hapo, atarudi Jeremi, isipokuja, ataelewa kwamba haitakuja.

Barua ya posa haiandikwi na kijana. Huandikwa na baba yake, na baba hapeleki barua kama mtu anayetupa nyavu gizani. Barua ikikataliwa, mji mzima hujua kabla mbebaji hajafika nyumbani. Kwa hiyo wazee wa mtaani kwetu hutanguliza sahani. Sahani ikirudi na kitu ndani, andika. Ikirudi tupu, nyamaza. Vijana hawaambiwi. Ni mambo ya wazee, na yakiharibika, wazee huyameza wenyewe.

Krismasi iliyopita Osnel alimtumia Madam Lubin makaroni katika sahani ya arusi yake mwenyewe. Hakubania kitu. Nyama ya nguruwe aliweka ya kutosha watu wawili, na ukoko wa pembeni ukawa juu.

Sahani ilirudi kesho yake.

"Ilikuwa safi kuliko nilivyoituma," anasema Osnel. "Ndani hamna hata limau."

Aliinyamazia. Kervens alipouliza barua itakwenda lini, alijibiwa kwamba makaa bado mabichi. Akauliza tena Pasaka. Makaa yalikuwa bado mabichi. Kijana akaanza kuamini kwamba baba yake hampendi Islande, na kwa muda watu hawa wawili, wanaolala chumba kimoja, walizungumza habari za maji na vyombo tu.

Mambo yaligeuka mwezi wa sita, Jumapili moja wakiosha masufuria. Osnel anayakumbuka maneno yenyewe.

"Jana nilikwenda kwa kina Islande kufunga taa," Kervens alisema. "Bibi yake kanifukuza."

"Kakufukuza kwa lipi?"

"Kwa Jumamosi. Siku hizi Jumamosi pale hawawashi hata kiberiti. Si amekuwa Msabato? Walimzamisha mtoni tangu kabla ya Krismasi."

Osnel aliacha kusugua. "Msabato hasa? Wa kutokula nguruwe?"

"Hata mafuta yake hagusi. Kwani vipi, baba?"

"Nilikaa chini hapohapo kwenye maji," anasema Osnel, na sasa anacheka, ingawa Elvanise anasema siku ile hakucheka. "Nimempelekea mama wa watu haramu, kwenye sahani ya arusi yangu, halafu mimi ndiye niliyenuna miezi sita."

Ndipo Kervens aliposimuliwa habari ya sahani. Alimaliza kuosha sufuria iliyobaki, akaifuta, akamwambia baba yake kwamba anadhani ni mtu mgumu sana. Osnel alikubali.

Elvanise alishauri aende akaombe radhi.

"Kwa mdomo?" Osnel alimjibu. "Mimi ni mpishi, komè."

Akaanza upya. Badala ya nguruwe alichukua samaki wa moshi, wale wadogo wakavu wanaouzwa kwa sanduku la mbao, ambao Wasabato wanawala. Samaki huyo ana chumvi ya kumtoa mtu machozi. Lazima alowekwe, achemshwe, maji yake yamwagwe, achambuliwe miiba, kisha akaangwe na vitunguu na ndimu kabla hajakutana na jibini. Alianza kuyajaribu kwa wateja wake. Mzee mmoja alirudisha bakuli mwenyewe, kwa miguu.

"Osnel, Kwaresima imekwisha, au kalenda yako imeliwa na panya?"

Mwingine alimwambia Clermise angeliona hilo angezimia.

"Clermise hakutia samaki," Osnel aliwaambia. "Na Clermise hakuwa na mkwe Msabato."

Jumapili ya tatu alitia pilipili kali nzima isiyopasuliwa katikati ya sufuria, ili itoe harufu bila kuchoma. Yule mzee wa kalenda aliomba aongezwe. Osnel hakumwongeza, na bado anajivunia kutomwongeza.

Ilibaki sufuria. Ile kubwa imepikiwa nguruwe miaka na miaka, na Osnel hakutaka ujanja na dini ya mtu. Akanunua ndogo, mpya, ikakaa kwa Elvanise hadi leo ili isiguswe na mwiko wa kwake.

Sasa harufu ya karanga imefika. Osnel anayatoa makaa ya juu ya ile ndogo kwa koleo, anafuta majivu pembeni mwa mfuniko kwa kitambaa chenye maji, anasubiri, anafunua. Juu pamekuwa pekundu kama tofali jipya. Elvanise naye sasa ananusa kama paka.

Anapakua pembe yenye ukoko kwenye sahani. Anaifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa wanga na pasi. Elvanise, aliyebadilisha gauni na kuvaa viatu, anaibeba na kushuka mlima kwa Madam Lubin.

Wateja wanakuja baada ya misa. Osnel anawahudumia vibaya. Mmoja anapewa sahani mbili, mwingine anasahauliwa kabisa na kuanza kulalamika. Kervens, ambaye hajawahi kusaidia kupakua, leo anapakua, macho yake yako njiani.

Alasiri Elvanise anaonekana kwenye kona, anapanda taratibu.

"Anatembea hivyo makusudi," anasema Osnel.

Elvanise anafika, anaomba maji, anakunywa yote, anarudisha kikombe. Ndipo anapofunua kitambaa. Ndani ya sahani mna konparèt mbili, mikate ya tangawizi na nazi ambayo mji wetu unajulikana nayo. Bado zina joto.

"Kaoka mwenyewe," anasema. "Kaniweka kwenye kiti mpaka zikaiva."

"Kasemaje?"

"Kasema samaki hukumloweka vya kutosha. Chumvi imezidi."

Osnel anaangalia chini.

"Lakini kamaliza?" anauliza Kervens.

"Kamaliza, na ukoko kaukwangua kwa kijiko. Tena kasema hivi, kompè, nisikilize vizuri. Ukiandika, uandike kwa wino mweusi. Wa bluu macho yake hayaoni."

Kervens anauliza, kwa sauti ya mtoto, "Aandike nini?"

"Umesoma mpaka ukafunga jua kwenye paa," anasema Elvanise, "na hujui baba yako aandike nini?"

Kijana anaondoka mbio kwenda dukani kutafuta kalamu.

Desturi ni kumlipa mtu wa mjini aandike barua ya posa kwa Kifaransa cha maua. Osnel amekataa. Anafuta meza, anapiga mistari ya penseli kwa rula ya useremala, anaandika kwa Krioli, herufi kubwa kubwa, polepole, akiyasema maneno kwa sauti kabla ya kuyaweka.

"Mimi, Osnel Dorsainvil, mpishi na seremala, mgane wa Clermise Dorsainvil..."

"Seremala kwanza," Elvanise anamkatiza. "Ni barua ya heshima. Useremala ndio kazi ya mwanamume. Hayo ya mpishi yatie nyuma, au yaache."

Osnel anainua kalamu. Anautazama mstari wake. Kervens naye anautazama, akiwa amesimama nyuma ya bega la baba yake.

"Kijana huyu kasomeshwa na mpishi," anasema Osnel. "Mpishi anatangulia."

Anaendelea. Anaomba kwa heshima mkono wa Islande kwa ajili ya mwanawe. Anaandika kwamba kijana ana ufundi, hanywi, na ni mvumilivu kuliko baba yake. Anaandika kwamba familia ikiridhia, siku ya arusi chakula kitapikwa na baba wa bwana arusi mwenyewe, katika masufuria mawili yasiyokutana mwiko, na kwamba samaki watalowekwa tangu jana yake.

"Hilo la samaki ni la barua ya posa?" anauliza Elvanise.

"Ndilo atakalolisoma mara mbili."

Anatia sahihi. Anaipuliza karatasi wino ukauke, anaikunja mara tatu, kingo zimelingana kama mlango ndani ya fremu. Anaitia kwenye bahasha. Analamba gundi, anafunga, kisha anaigandamiza kwa kiganja chake kipana chenye makovu ya moto na ya patasi, akihesabu kimya kimya muda anaoujua yeye.

Kisha anampa Elvanise kwa mikono miwili.

"Usikimbie, komè. Barua ya namna hii haikimbizwi."

"Na magoti haya? Nani akimbie?"

Anaitia kifuani, ndani ya gauni, anajifunga kitambaa kichwani upya, na kuanza kushuka kuelekea mji wa chini. Baba na mwana wanabaki mlangoni.